Kopo la mwarobaini, mwezi wa tatu

Bibi yangu kule Muheza hakuwahi kupima kitu. Alichemsha majani ya mwarobaini, akamwogesha mtoto mwenye upele, basi. Mimi nimesomea ufamasia, na hamu yangu ni moja: majani yale yakae kwenye kopo, mama alinunue leo, na baada ya miezi mitatu bado iwe dawa.

Nilianika majani kivulini, nikayatwanga, nikayaloweka saa 72 kwenye ethanoli ya asilimia 70, nikitikisa chupa kila nilipopita. Nikachuja, nikaikausha ile spiriti taratibu juu ya maji ya moto hadi ukabaki uji mzito wa kijani, uchungu wake unausikia mpaka kooni. Kwenye sahani ya aga, ile jeli ya kukuzia vijidudu, iliyopandwa Staphylococcus aureus, bakteria wa majipu, uji ule ulifungua duara safi la milimita 14, mahali ambapo bakteria hawakuota. Nililipima kwa rula mara tatu, kisha nikampigia bibi simu.

Nikauchanganya na mafuta ya mgando na nta ya nyuki uwe marhamu ya kupaka, uji wenyewe asilimia 10. Nikapima tena. Duara hakuna, hata milimita moja!

Wiki mbili nzima nilidhani nimeiunguza dawa. Kumbe aga karibu yote ni maji, na mafuta ya mgando hayapatani na maji, hivyo dawa ilikuwa imefungiwa ndani haina pa kutokea. Nilipobadili nikatumia nta ya aina inayoshika maji, duara lilirudi: milimita 11. Marhamu tupu isiyo na mwarobaini haikufungua kitu, nami nilifurahi, maana kazi ilikuwa ya majani kweli. Lakini gentamisini, antibiotiki ya hospitali niliyoiweka pembeni kulinganisha, ilifungua 22. Mwenye jipu linalopanda homa aende hospitali, asinisubiri mimi.

Ikabaki joto. Kipimo cha haraka cha kujua dawa itadumu, kinachotumika viwandani, ni nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75, miezi sita. Hatuna chumba cha namna hiyo. Nilichukua ndoo yenye mfuniko, nikaweka ndani bakuli la maji yaliyotiwa chumvi ya mezani mpaka ikakataa kuyeyuka. Hewa iliyofungiwa na maji hayo hukaa karibu na asilimia 75 yenyewe. Ndoo nikaiingiza kwenye oveni ya maabara. Kopo jingine likaenda kwenye friji.

Wiki ya nne kopo la oveni lilikuwa la kahawia, na juu yake mafuta yametuama. Rangi haikunitisha, kijani cha majani hakivumilii joto. Mafuta ndiyo yaliyoninyima usingizi: dawa ikijitenga, kidole cha leo kinachota mafuta matupu na cha kesho kinachota dawa kali, na ngozi yenyewe ni ya mtoto. Nilianza upya, nikaongeza nta, na safari hii sikuacha kukoroga hadi marhamu ilipoganda yote.

Makopo haya mapya hayajajitenga. Mwezi wa tatu la friji limefungua milimita 11, la oveni 9. Hizo mbili zilizopotea ndizo ninazozitafuta sasa. Jumatatu nimeingiza kundi jingine kwenye ndoo, nimelitia kwenye tyubu za alumini, zisizopitisha mwanga wala kuchovywa vidole.