Mjomba aliandika elfu moja kwa kilomita

Wazo la kuendesha baiskeli kutoka Mbeya mpaka Iringa lilinijia kwenye kikao cha harusi. Tuko ukumbini pale Mafiati, kikao cha nne, mwenyekiti anasoma majina ya ambao hawajamalizia ahadi, watu wote wameinamia simu, na mi nikawa napiga hesabu kichwani kwamba mwaka ule peke yake nishachangia harusi sita, sendofu mbili na kipaimara kimoja. Na sijawahi kuona mtu anakataa kadi. Atakunja sura, atakwambia mwezi umekaa vibaya, ila kitu ataandika.

Sa wiki hiyohiyo nilikuwa nimepita kwenye shule ya msingi anayofundisha rafiki yangu (humu ntamwita Mwalimu tu, mwenyewe kasema asitajwe). Wana kitengo cha watoto wenye ulemavu pale, na nikakuta binti wa darasa la nne analetwa mgongoni na kaka yake, na huyo kaka mwenyewe yuko la sita. Nikamuuliza Mwalimu, huyu akimaliza la saba dada yake atabebwa na nani? Akaniangalia tu. Afu akasema kuna fundi wa kuchomelea yuko Mwanjelwa anatengeneza zile baiskeli za matairi matatu za kuzungusha kwa mikono, moja laki saba na nusu, na yeye watoto wanaohitaji anao sita. Yaani milioni nne na nusu, hela ambayo ukumbi, mapambo na keki vinaimaliza jioni moja bila hata kuhema.

Kwahiyo tukaunda kamati kama ya harusi kabisa. Mwenyekiti Mwalimu, katibu mimi, mweka hazina mama mmoja wa mtaani kwetu ambaye anaogopwa na vikoba vyote vya Ilomba, na grupu la WhatsApp lililoanza na watu 20 likafika 140 hata sijui waliingiaje. Kadi tukachapisha. Tofauti ni moja tu, badala ya kuandika kiasi unaandika shilingi ngapi kwa kilomita, na jumla ya kilomita tukaiweka 330 ili tusibishane mbele ya safari. Shilingi 100 kwa kilomita ni elfu 33, mtu wa kawaida anaiweza. Kuna walioandika 50, kuna bibi mmoja muuza ndizi aliandika 10 na akalipa palepale 3,300 kwa sarafu na noti zimekunjwa kama sambusa.

Mjomba wangu yeye akacheka. Akasema, "Nyie? Niandikieni elfu moja kwa kilomita. Mtafika Uyole hapo mwisho wa mji mtarudi." Nikaiandika. Kalamu ya wino.

Watu wanadhani kazi ni kukanyaga. Kukanyaga ni siku nne, mi hapo kabla nimezunguka na bahasha miezi mitatu. Barua ya serikali ya mtaa, barua ya polisi ili trafiki wajue tunapita, barua za makanisa ya kulala njiani, barua ya kukumbushia barua. Kuna kampuni moja, jina naliacha, ilituahidi fulana 15 na maji ya safari nzima, wakaja asubuhi ya kuondoka na bango kubwa kuliko pikapu yetu, wakapiga picha na sisi dakika arobaini, wakashusha katoni nne za maji wakaondoka. Fulana zilifika Mbeya sisi tukiwa Makambako. Saivi kuna mtu anafyekea nyasi na fulana yangu huko.

Na wa kutukatisha tamaa hawakukosa, eti barabara ya malori ile mtakufa wote. Mwalimu akawajibu kuna watu kila mwaka wanatoka Dar na baiskeli mpaka Butiama kumuenzi Nyerere, wanavuka nusu ya nchi, sisi tunaenda Iringa tu hapo jamani. Ila kimoyomoyo mi niliwaelewa. Ile ni TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, mzigo wa Zambia na Kongo unapita hapo, semi zimefuatana kama siafu.

Tuliondoka Jumatatu ya mwisho wa Juni saa 12 asubuhi pale Soweto, watu 11, pikapu moja ya kuazima nyuma imewasha hazadi. Baridi ya Juni Mbeya anayeijua anaijua, vidole havishiki breki. Baiskeli mchanganyiko, saba za gia za mtumba, nne Phoenix zile nzito za kubebea mkaa. Kulikuwa na Sista mmoja, nesi, ndo mwenye boksi la dawa, na kijana fundi baiskeli tuliyemwita Dogo ambaye kariya yake ilikuwa duka zima: tyubu, spoku, cheni, solushen, msasa, pampu mbili. Mpaka Uyole tulikula vumbi la ujenzi wa njia nne, tukatoka weupe kama tumetoka mashineni kusaga. Pale Uyole nikampigia mjomba. "Tupo Uyole." Akasema haya, salamia.

Kuanzia hapo mteremko wa Inyala. Mnaopita na basi hamuujui. Kwenye baiskeli raba za breki zinaanza kunuka, mikono inakufa ganzi kwa kubana, na kila lori likikupita kwanza linakuvuta afu likimaliza linakusukuma, hiyo sekunde ya katikati ndo unakumbuka madeni yako yote. Sheria yetu ilikuwa mstari mmoja, nafasi ya nguzo moja ya umeme kati ya mtu na mtu, asiyefuata anapanda pikapu. Hakuna aliyetaka pikapu. Na kadiri tunavyoshuka sweta zinavuliwa, tulipofika Igurusi jua la bonde la Usangu linachoma kama sio nchi ileile tuliyoamkia. Chimala tukaingia saa tisa, kama kilomita 75 hivi, tukalala ukumbi wa kanisa chini ya ule mlima wenye kona 57 za kupanda Matamba na Kitulo. Kuna mmoja wetu akasema mwakani tupande ile. Hakuna aliyemjibu.

Siku ya pili ndo siku ya pancha. Nilikuwa sijui hiki kitu: misumari na miba ni kidogo, adui mkubwa wa baiskeli kwenye barabara kuu ni tairi za malori. Lori likipasua tairi vile vipande vinabaki pembeni, ndani vina waya mwembamba kama unywele wa bandia, jua likishachoma raba ile waya zinatawanyika zote pembeni hapohapo unapopita wewe. Hauoni kitu, unasikia tu nyuma kumelegea. Tulipigwa pancha saba kabla ya Igawa. Kutafuta tundu unahitaji beseni la maji, sisi tulikuwa na Usangu nzima, basi Dogo anashuka kwenye mfereji wa mpunga na tyubu yake imejaa upepo, anaizungusha majini polepole kama mama anaosha mtoto, sikio karibu na maji, mpaka vipovu vinatoka vidogo mfululizo. Anaweka kidole. Anafuta kwa shati, anapiga msasa, solushen, anapuliza, anahesabu kimya, kiraka, anagongea na jiwe. Afu kabla ya kurudisha tyubu anapitisha kidole ndani ya tairi taratibu sana mpaka waya umchome ndo anautoa na meno ya koleo. Asiyefanya hivo anapata pancha ileile baada ya mita mia. Alipomaliza ya saba kidole chake cha shahada kilikuwa kinatoka damu na wavunaji wa mpunga wamesimama wanamuangalia, mama mmoja akamletea maji ya kunywa akamuuliza, "Mwanangu, mnalipwa shilingi ngapi?" Tukamwambia hatulipwi, tunachangisha. Akasikitika sana. (Na kwa taarifa yenu, mchele mwingi mnaouziwa Dar mnaambiwa wa Kyela umelimwa pale, ila tuyaache.)

Kutoka Igawa kwenda Makambako ni kupanda, sio mlima mmoja wa kuuona useme ule pale, ni kupanda kusikoisha, unafika juu unakuta kumbe ile ilikuwa ngazi tu, na upepo unatoka mbele. Tulishaenda karibu kilomita 100 siku hiyo. Wenye Phoenix walishuka wakasukuma, na sisi wenye gia tukawa tunajifanya tunawasubiri. Tuliingia Makambako giza, jambo ambalo kwenye kanuni tuliandika ni marufuku, na katibu aliyeandika kanuni ni mimi. Sista alinisema usiku ule mbele za watu na sikuwa na neno.

Asubuhi Makambako salamu imebadilika, Uyole ilikuwa "ugonile", hapa ni "kamwene". Tukaitikia hivyohivyo na meno yanagongana. Chai ya tangawizi, maandazi, supu kwa wenye nazo, tukaanza kuelekea Nyororo.

Na hapa ndo pa kuungama. Tumeshaipita Nyororo, nasikia "ka!" nyuma yangu, tairi likalala upande. Ekseli imekatika. Dogo alikuwa na kila kitu kwenye ile kariya isipokuwa ekseli. Nikapanda pikapu na baiskeli yangu nikawapita wenzangu wote nimekaa kama mzigo wa viazi, mpaka senta ndogo ya mbele, tukapima, kilomita 9. Fundi wa pale ekseli za gia hana. Kijana mmoja aliyekuwa anacheza bao akasema chukua Phoenix yangu mpaka Mafinga, nipe elfu kumi na soda, mi nitapanda gari lenu niirudishe. Hiyo biashara ilifungwa chini ya dakika mbili. Nilipoikalia ile Phoenix niliwaheshimu wale wanne kwa mara ya kwanza, aisee, kwenye kimlima kidogo tu unasimama kwenye pedali kama unakanyaga udongo wa tofali.

Jioni Mafinga, harufu ya mbao mbichi za paina kila kona, kikao kikakaa cha dharura: zile kilomita 9 tunazihesabu? Wengine wakasema watu 10 wamefika kwa miguu yao, safari imetimia, nani atajua. Mmoja akasema mzigo wa baiskeli ulifika, kwani mchangiaji anachangia matako yako? Tulicheka mpaka mhudumu akaja kuangalia. Mweka hazina tukampigia simu Mbeya, akasikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja: "Toa." Nikauliza kwa wote au kwa walioniandikia mimi? Maana kila mpanda baiskeli alikuwa na kadi zake. "Kwako. Toa tisa." Akakata simu. Basi nikakaa na daftari usiku ule nikapunguza watu 38 mmojammoja, 330 ikawa 321.

Siku ya nne ilikuwa nzuri. Ekseli nilipata Mafinga, mabonde na vilima vya Ifunda vinapanda na kushuka kwa adabu, Tanangozi tukanunua mahindi ya kuchoma, kwenye kibao cha Isimila nikataka tuchepuke tukaone zile nguzo za udongo na zana za mawe, kamati ikakataa, nikasema sawa. Shida ya Iringa ni kwamba mji wameuweka juu. Unashuka mpaka Ipogolo, unavuka Ruaha ndogo, unajua nimefika, watu wanakupigia makofi, bajaji zinapiga honi, afu unainua macho unaona mji bado uko kule juu na barabara inajikunja kuufuata. Baada ya siku nne. Pale hakuna aliyeongea. Mwalimu alishuka akasukuma, na Sista akampita bila kumuangalia, na mi nilikuwa nyuma yao wote nahesabu nguzo.

Tulifika juu saa nane na dakika kumi. Nikapiga picha, nikamtumia mjomba. Tiki mbili za buluu. Kimya.

Ahadi zote zilikuwa milioni sita na laki nane. Wiki tatu baadae mkononi tulikuwa na 4,120,000, na mweka hazina akaanza kutuma majina kwenye grupu kila Ijumaa jioni, bila maneno, majina tu na kiasi. Watu wawili walijitoa kwenye grupu. Tunawajua. Fundi alianza na baiskeli tano, yule binti wa darasa la nne akapata ya kwanza na siku ya kuijaribu alimgonga mwalimu mkuu kwenye ugoko, kwa sababu fundi alisahau kumuelekeza breki iko wapi.

Ya sita ilikuwa inamsubiri mjomba. Mama yangu alishaongea nae, shangazi alishaongea nae. Jumapili moja akanipigia mwenyewe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nasikia ulipanda gari."

"Kilomita 9. Nimeshazitoa."

"Nani alizipima?"

"Spidomita ya gari."

Akakaa kimya kidogo. "Kwahiyo nadaiwa laki tatu ishirini na moja."

"Ndio mjomba. Na ya kutolea."

"Ya kutolea haikuandikwa kwenye kadi," akasema. Baada ya dakika tano meseji ikaingia, 321,000 kamili. Mi nimeshapeleka kwa fundi, imepelea elfu 59, kasema anaanza kukata vyuma hivyohivyo.