Kalenda isiyo na tarehe

"Hiyo si picha, mjomba. Umenunua kalenda isiyo na tarehe."

Mjomba kayasema hayo Jumapili kwenye simu ya video, na mpaka leo yamenikwama kama mwiba wa samaki. Mdogo wangu kajifungua salama, mtoto wa kiume, mkataba wangu wa karakanani umeongezwa, treni za hapa Paris ziligoma tukatembea, lakini mimi hata nikiwa nakata fremu namsikia Mjomba tu.

Na alianza vizuri! Nilimwonyesha ile picha ya Daubigny, mchoraji Mfaransa, ile ya mashua niliyowasimulia. Akauliza, "Kaichora mwenyewe?" Nikasema ndiyo, ilitoka 1862. "Ziko ngapi kama hiyo?" Nikasema nyingi, zilichapwa. "Kumbe!" Ndipo kalenda ikafuata, na baraza zima huko Tanga likacheka. Nami nikacheka nao, mnafiki mkubwa.

Jibu ninalo sasa, simu ishakatika. Bamba la shaba linapakwa nta. Mchoraji anaikwaruza hiyo nta kwa sindano, kwa mkono wake, kisha bamba linaingia kwenye tindikali, nayo inakula palipokwaruzwa tu. Wino unajaa humo, wa juu unafutwa, karatasi iliyoloweshwa inalazwa juu, vinapitishwa pamoja kwenye rola. Pitisha kidole pembeni mwa picha yangu, utasikia bonde la ukingo wa bamba. Kalenda ya duka gani ina bonde?

Jumatano usiku nilikuwa bado nabishana naye kichwani, mara kicheko kikanishika, cha kweli safari hii. Kumbe Wafaransa wenyewe walishaugombania ugomvi huu. Wakati ule picha nyingi za kuchapwa zilikuwa kazi ya mafundi wa kunakili michoro ya wengine, na kamera nayo ishaingia mjini. Mwaka 1862 Alfred Cadart, mchapishaji wa Paris, akaanzisha chama cha wachoraji wa tindikali, wanaokwaruza bamba wenyewe, na mchapaji wao alikuwa Auguste Delâtre. Huyu Delâtre ndiye ninayempenda. Halifuti bamba likatakata. Anaacha utando wa wino anapotaka, mbingu zinaingia wingu, maji yanaingia giza. Bamba lilelile akilifuta vingine, inatoka jioni nyingine. Wapo waliomlalamikia kwamba mchapaji anajitia uchoraji. Mimi naona waliona wivu.

Halafu Daubigny mwenyewe! Mashua kaigeuza studio, kaipa jina Botin, anazunguka nayo mto Oise, anachora humo, analala humo, na mwanawe Karl ndiye baharia wake. Safari hizo ndizo alizozitia kwenye mabamba. Mjomba, ambaye nusu ya umri wake kaumalizia kwenye ngalawa, angekaa naye wakaelewana kuliko mimi na yeye. Jumapili naanzia kwenye mashua: ina paa namna gani, wanapika wapi. Ya idadi ya nakala tutayafikia akishalainika.

Ila Bi Mkubwa ndiye anayeninyima usingizi. Alikuwa apeleke majibu ya presha kwa daktari wiki hii, na kila nikimuuliza daktari kasemaje, ananiuliza mimi nimekula nini.