Siku yangu moja na seli za zabibu, Mwanza

Saa 12:30 asubuhi. Mvua ya ziwani imepiga usiku kucha, Buhongwa ni matope matupu. Nawahi daladala.

Saa 2. "Mwangaluka, mayu," mlinzi ananisalimia kwenye geti la maabara. Naitikia, nabadili viatu, na kabla ya chai napita chumba cha ukuzaji, nyuzi 25, kukagua chupa moja moja. Zimo seli za zabibu. Zilianzia kwenye ganda la tunda la Dodoma lililosafishwa kwa spiriti na jiki, likawekwa juu ya agari, yaani jeli, yenye madini, sukari na homoni. Likatoa bonge laini lisilo na jani wala mzizi. Bonge hilo ukilitia kwenye chakula cha majimaji kinachotikiswa mchana na usiku, seli huachana na kuongezeka. Chupa iliyoingia ukungu haifunguliwi, inakwenda moja kwa moja kwenye otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke, nyuzi 121.

Saa 3 hadi saa 5. Kuhamishia seli kwenye chakula kipya. Hapa hatuongei, ukungu usiingie.

Saa 5:30. Saa ninayoipenda kuliko zote. Seli zilizoshiba hukua tu. Rangi na viini vya kinga hazivitoi kwa wingi mpaka zihisi adui. Shambani, resveratroli, kimoja cha viini hivyo, ni silaha ya mzabibu dhidi ya ukungu. Sisi tunaongeza sukari, kisha methili jasmoneti kidogo sana, ishara ambayo mimea yenyewe huitumia ikijeruhiwa. Ukiitia mapema seli zinadumaa na mavuno yanakuwa kiduchu, ndiyo maana tunaziacha ziongezeke kwanza.

Saa 7 mchana. Ugali na sato kwa mama ntilie, haraka.

Saa 8:15. Umeme umekatika. Kitikisio kikisimama seli huzama na kukosa hewa, kwa hiyo mbio kwenye jenereta. Anayetaka kufungua maabara kama hii Kanda ya Ziwa, mimi namshauri anunue jenereta kabla ya hadubini.

Saa 9. Tone moja chini ya hadubini. Seli moja imejaa wekundu mzito, iliyogusana nayo haina rangi hata kidogo, na zote zimelelewa chupa moja! Kisha napima anthosianini, yaani huo wekundu: sampuli ileile ni nyekundu kwenye pH 1 (uchachu mkali), na kwenye pH 4.5 rangi inapotea. Tofauti hiyo ndiyo inayonipa kiasi. Chupa zilizotiwa jasmoneti zimezipita nyingine.

Saa 12 jioni. Kituoni namkuta mama jirani. Shikamoo, marahaba, halafu: "Mwanangu, huo unga wenu wa zabibu utanitibu sukari?"

"Hapana, mama. Vidonge vya kliniki usiviache."

Resveratroli tumbo huifyonza vizuri, lakini utumbo na ini huibadilisha upesi, na inayobaki kwenye damu ni kidogo. Wanaouza unga kwa ahadi za kuponya kila kitu wananiuma sana. Anauliza, sasa mnahangaikia nini? Namweleza kwamba Japani iliuza rangi ya shikonini kutoka seli za mmea tangu miaka ya 1980, na paklitakseli, dawa ya saratani, nayo hutengenezwa kwa njia hii bila kukata miti. Nataka ujuzi huo uwepo hapa, kwa matunda yetu.

Ananiahidi zambarau za kwao Misungwi zikiiva. Nimemwomba azilete nzima, zisipondeke maganda.