Siku moja kwenye rigi ya mafuta: saa 24 lazima zitimie

Saa kumi na moja alfajiri siku ya mkaguzi wa takwimu za rigi huanza. Ripoti ya kuchoronga hufungwa saa sita usiku, lakini ofisi huitaka pamoja na habari za mpaka asubuhi. Cha kwanza ni kujumlisha safu ya muda wa kazi za siku. Ikifika 23.5, nusu saa imepotea, na mara nyingi ni ile ya kusubiri kifaa ambayo hakuna aliyependa kuiandika.

Tahadhari ya saa: wengi hapa kando ya Ziwa Albert huhesabu tangu kuche. "Saa sita" ya mchorongaji ni adhuhuri au usiku, na kwenye ripoti 06:00 ni alfajiri. Andika 00:00 hadi 24:00 tu. Kompyuta moja ikibaki kwenye saa ya Greenwich, tukio lilelile hutokea mara mbili, kwa tofauti ya saa 3.

Saa moja, kikao na ofisi.

Saa mbili mpaka adhuhuri ni kukagua kina cha kisima, na hapa ndipo penye makosa mengi. Stendi moja ni mabomba matatu yaliyoungwa, kama mita 28. Orodha iliyopimwa kwa tepu ya chuma kabla mabomba hayajashuka ndiyo mwamuzi. Kihisi chenyewe hupima tu mwendo wa kapi, roda kubwa inayoning'iniza mabomba kwa ndoano. Programu ikiona mzigo wa ndoano umeshuka chini ya kiwango ilichopewa, huchukulia kwamba mabomba yameshikwa na kabari sakafuni mwa rigi, hayaning'inii tena, ikaacha kuhesabu. Kwenye kisima kifupi mabomba ni mepesi. Ukiacha kiwango cha kisima kirefu, kekee (ncha ya kuchorongea) inakata mwamba huku kina kimeganda kwenye skrini! Tuseme kapi tupu ni tani 15 na pamoja na mabomba ni 24: weka 18, maana kekee ikikandamizwa kwa tani 4 ndoano hubaki na 20.

Saa nane, misimbo ya kazi, yaani alama zinazoonyesha kila muda ulitumika kwa nini. Pampu ikifa dakika 40, zisiandikwe "kusafisha kisima". Mwisho wa mwezi pampu hiyo itaonekana nzima na vipuri havitaagizwa. Uzito wa matope ya kuchorongea nao uwe kwa kipimo kimoja: 1.15 na 9.6 ni matope yaleyale, kilo kwa lita na pauni kwa galoni.

Saa kumi na moja jioni, zamu haijabadilishwa, karatasi ya mchorongaji hulinganishwa na mchoro wa vihisi, yeye akiwepo. Akishapanda basi la kambini, hakuna wa kuulizwa.

Saa sita usiku ripoti inafungwa. Sahihisho lolote baada ya hapo hupewa namba yake, sababu, na jina la aliyelifanya.