Kuifuata Chemko Dar es Salaam

Sisi tuliokulia Mombasa tulizijua bendi za dansi za Tanzania kwa santuri. Santuri ndogo, zile za 45, zilizotolewa Nairobi kwa kuwa Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzichapa. Wimbo wa dansi ni mrefu, hautoshi upande mmoja, basi ukakatwa vipande viwili: huku mashairi, huku chemko, yaani ile sehemu ya pili ambapo ala zinachangamka na watu wanacheza. Pale gitaa linapobadilika na tarumbeta zinapojiweka sawa ziingie, sauti inafifia na mtu anainuka kwenda kugeuza santuri. Nyimbo zenyewe nilikuwa nazo kichwani, neno kwa neno. Nilichokosa ni kuusikia wimbo mmoja ukipita pale mahali bila kukatika, bendi iko mbele yangu. Nikafunga safari ya Dar es Salaam kwa ajili hiyo tu. Sikuwa na harusi wala mzigo wa biashara.

Kivuko cha Likoni nilikivuka alfajiri. Basi likashika barabara ya pwani, Ukunda, Msambweni, mpaka Lunga Lunga, na upande wa pili Horohoro. Mpakani ni foleni, pasipoti, kadi ya homa ya manjano na mabegi kufunguliwa. Tukagongewa mihuri tukaendelea.

Nilichangamka tulipofika Tanga. Abiria wenzangu waliteremka kununua machungwa na kunyoosha miguu, mimi nikabaki nautazama mji kwa heshima. Hapa ndipo zilipokuwa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Hapa ndipo walipoanzia ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1970 walihamia Mombasa, kisha wakaenda Nairobi na bendi yao ya Simba Wanyika. Sehemu kubwa ya rumba ambayo kwetu tunaiita yetu ilipanda kwenda kaskazini kutoka huku. Na si furaha peke yake iliyokwenda kaskazini. Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki wa Morogoro, alifia Mombasa Januari 1979 baada ya ajali ya gari, na wazee wa kwetu wakilitaja jina lake hadi leo hushusha sauti. Kwa mpenzi wa dansi, mpaka wa Horohoro haujawahi kuwa na maana kubwa.

Segera, Chalinze, Kibaha. Giza lilikuwa limeshaingia tulipofika stendi ya Magufuli, Mbezi. Binamu yangu, ambaye anaishi Magomeni, alikuwa ananisubiri.

"Karibu Dar, kaka. Pole na safari."

"Nishapoa."

"Sikinde wanapiga leo. Unalala au tunakwenda?"

Tukapeleka begi nyumbani, nikaoga, tukatoka.

Ukumbi wenyewe ulikuwa uwanja wa baa, umeezekwa nusu, viti vya plastiki, moshi wa nyama choma ukipita juu ya meza. Kiingilio kinywaji chako. Tuliwakuta vijana wa bendi jukwaani, wanapasha: ala tupu kwanza, kisha waimbaji chipukizi wakaimba nyimbo za wengine, watu wanakula na kupiga soga bila kuwajali sana. Ndio utaratibu. Wakubwa hawapandi mapema. Ilipokaribia saa nne na nusu akapanda mzee mmoja mwenye kofia ya pama, akaketi kwenye kiti, akapokea gitaa la solo kutoka kwa kijana bila neno. Akalitekenya mara mbili tu, na meza za mbele zikanyamaza.

Mlimani Park, ambayo wapenzi wanaiita Sikinde kwa jina la mtindo wake, ilianza 1978, kwa wanamuziki waliotoka kwenye bendi nyingine za mji huu. Muhiddin Maalim Gurumo alikuwemo, na King Michael Enoch, aliyewafunza wengi waliokuja baadaye. Baada ya miaka michache Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam likaichukua, ndipo yakaongezeka yale maneno DDC mbele ya jina. Wengi waliokuwemo siku zile wametangulia mbele ya haki. Gurumo alituacha Aprili 2014. Nilikuwa na wasiwasi, nakiri, kwamba ningekuta jina tu na nguo za sare.

Wasiwasi ulikufa kwenye wimbo wa tatu. Ulikuwa ni mmoja wa zile nilizokulia nazo. Mashairi yakaenda taratibu, waimbaji watatu wamesimama bega kwa bega, sauti ya juu, ya kati na ya chini, wakisimulia kisa cha mtu na mkewe kama barua inayosomwa hadharani. Tungo za Sikinde zina subira. Hazikuambii jambo mpaka zimekueleza lilikoanzia. Rithimu ilikuwa inapiga kipande kimoja kidogo, hicho hicho, na besi inatembea chini yake bila haraka. Nikajua tunakaribia. Mwili wangu ulikuwa umezoea kukatika hapo, nikajikuta nimeshika ukingo wa meza.

Hapakukatika kitu. Mpiga tumba alibadilisha mkono, solo likapanda, solo la pili likalijibu kwa sauti nyembamba zaidi, rithimu ikajipenyeza katikati yao, na ndani ya ile nafasi iliyobaki tarumbeta mbili na saksafoni zikaingia kwa pamoja. Watu wakainuka ukumbi mzima. Mimi nilibaki nimekaa, naimba, machozi yananilengalenga.

Meza ya jirani palikuwa na mama mmoja mtu mzima, amejifunga khanga juu ya gauni lake.

"Mwanangu, umetoka wapi wewe unayeimba kila neno?"

"Shikamoo mama. Nimetoka Mombasa."

"Marahaba. Sasa mbona umekaa? Hawa hawapigi dansi ya kutazamwa. Inuka."

Nikainuka. Na ni pale katikati ya watu nilipoelewa jambo ambalo santuri haiwezi kulionyesha: chemko haina urefu wake. Mashairi yana mwanzo na mwisho, yameandikwa, lakini chemko inapikwa hapo hapo na bendi pamoja na wachezaji. Yule mzee wa solo hakuwa anatazama nyuzi. Alikuwa anatazama miguu yetu. Kundi la akina mama lilipojipanga mstari na kuanza kwenda mbele na kurudi nyuma, akashika kipande kimoja akakirudia, akakirudia, akakibadilisha kidogo sana, na mstari mzima ukaitika mabadiliko hayo kwa kiuno. Akatokea bwana mmoja kwenda kumtunza, akambandika noti kwenye paji la uso, na mwimbaji akalichomeka jina lake katikati ya kiitikio bila kukosea pigo. Rafiki zake nao wakaja. Kila aliyekuja kutunza aliongeza dakika kwenye wimbo. Tulicheza karibu dakika ishirini, na sidhani kama kuna aliyekuwa anahesabu.

Tukitembea kurudi Magomeni, binamu alinieleza kitu nilichokuwa nakijua nusunusu. Majina mengi ya bendi za zamani yana ofisi ndani yake. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo pale Ubungo. Polisi walikuwa na yao, jeshi lina zake, kampuni ya mabasi ya mji ilikuwa na UDA Jazz, bima ikawa na Bima Lee, umoja wa vijana wa chama ukawa na Vijana Jazz ya Hemed Maneti. Vyombo vilikuwa ghali na vinatoka nje, mwanamuziki hakuweza kujinunulia, basi taasisi ikanunua vyombo na kulipa mshahara. Mtu akihama, anaondoka na koo lake na vidole vyake, gitaa linabaki. Ndiyo maana wanamuziki walihamahama sana, na ndiyo maana kila bendi iling'ang'ania mtindo wake wenye jina: wapenzi wapate cha kushika hata waimbaji wakibadilika. Nikikumbuka jinsi mama yule alivyonionyesha mtindo wa Sikinde kwa mabega, naona lilifanikiwa.

Jioni iliyofuata tulikwenda hotelini kusikiliza bendi ya kopi. Wanapiga safi, vyombo vipya, nyimbo za kila nchi, kila wimbo dakika nne. Wageni walipiga makofi wakiwa wamekaa. Sikukaa sana.

Nilifurahi zaidi ndani ya daladala ya Sinza siku ya pili yake, kondakta alipouliza kwa sauti, "Kwa Remmy wapo?" Abiria wawili wakajibu wapo, wakateremka na vikapu vyao. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kongo, aliyeiongoza Super Matimila na kuwaimbia watu wanyonge wa mji huu, alifariki Desemba 2010. Jina lake linaitwa kituoni mchana kutwa, hata na watoto ambao hawajawahi kusikia gitaa lake. Sijui mwanamuziki wa kwetu aliyepewa heshima hiyo, na ningependa apatikane.

Usiku wa Msondo, bendi nyingine kongwe ya Dar, tulivuka kwenda Temeke. Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road, inapita mbele ya majengo yaliyokuwa ya Redio Tanzania. Nilimwomba dereva wa bajaji apunguze mwendo. Humo ndimo zilimorekodiwa nyimbo nyingi sana tunazoziita zilipendwa, bendi ikikusanyika na kupiga wimbo mzima kwa pamoja. Dereva alitazama geti, akanitazama, akaniuliza kama nina ndugu anayefanya kazi pale.

Msondo Ngoma ndiyo ile ile NUTA Jazz ya mwaka 1964. Chama cha wafanyakazi kilibadilika jina na bendi ikabadilika nacho, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, lakini wapenzi wakabaki na jina la mtindo. Ukiwa Dar huwezi kukwepa kuulizwa wewe ni Msondo au Sikinde, na linaulizwa kwa uzito ule ule wa Simba na Yanga. Gurumo aliimba pande zote mbili: alikuwa NUTA, akaondoka 1978 kwenda kuanzisha Mlimani Park, na miaka ya mwisho alirudi Msondo akazeekea huko. Jamaa mmoja mlangoni, mwenye fulana iliyofuliwa hadi ikapauka, alipojua tumetokea kwa Sikinde alitusamehe kwa sharti: "Wale wanapiga vizuri, sikatai. Lakini Msondo ndiyo baba ya muziki."

Kwa masikio yangu, Msondo ni wazito zaidi chini. Tumba na besi zinakushika kabla ya mashairi kukufikia, na waimbaji wanaimba kwa ukali kidogo, kama watu wanaodai haki yao. Spika moja ya kushoto ilikuwa inakwaruza usiku mzima, na sauti za waimbaji zilipotea kila tarumbeta zilipoingia. Hilo liliniudhi, kwa kuwa tungo hizi zinastahili kusikika. Wachezaji hawakujali, wanazijua. Pale sauti ilipozama, ukumbi uliimba badala yake.

Wakati wa mapumziko nilimfuata mpiga solo wao, alikuwa amekaa kwenye kreti la soda nyuma ya jukwaa anakunywa maji. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya santuri na kule kugeuza upande. Akacheka sana. Nikamuuliza anajuaje wakati wa kuifunga chemko.

"Nawaangalia akina mama," akasema. "Wakianza kutazama meza zao nafunga. Nikisubiri mpaka wakae, nimeshaharibu. Wimbo ufungwe mtu bado anautaka." Kisha akaniuliza ni wimbo gani ule uliokuwa unakatika. Nikamtajia. Ulikuwa wa kwao, wa enzi za JUWATA. Akanitazama kidogo, akasema, "Huo hatujaupiga siku nyingi, waimbaji wake hawapo. Lakini gitaa lake ninalo."

Waliporudi jukwaani aliwanong'oneza wenzake, wakaupiga ala tupu, bila mashairi, chemko peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilicheza mstari wa mbele kabisa.

Jumapili tulimalizia kwenye bonanza, jua bado lipo, bendi ya vijana, sebene za moto, marapa wawili na wanenguaji. Mashairi hayo ni mafupi na yamejaa majina ya waliolipa kutajwa, na mimi ni mtu wa mashairi. Lakini kijana aliyekuwa anapiga rithimu alikuwa anafanya kile kile alichofanya mzee wa Sikinde: macho kwenye miguu ya watu, mkono unajibu. Hakufundishwa hilo na santuri. Alilipata kwa kusimama jukwaani usiku hadi usiku, na bado Dar kuna majukwaa ya kumfundisha. Mombasa nahesabu yaliyobaki na hayajai mkono, hoteli zikiondolewa.

Jumatatu nilipanda basi la asubuhi. Mara nyingine, sikukuu zikifika, Msondo na Sikinde hupandishwa ukumbi mmoja, vyombo huku na huku, wakipokezana. Binamu ameahidi kunipigia simu tangazo likitoka tu, na nimeshamwambia bosi wangu kwamba siku hiyo nitaomba ruhusa.