Wadhamini Waliopotea Upper Hill

Mwaka 2013 nilikuwa fundi wa mifumo katika kampuni ndogo pale Upper Hill, Nairobi, na kazi yangu kubwa ilikuwa kutunza tovuti ya mikopo ya sacco moja ya walimu, yaani chama cha akiba na mikopo. Tulikuwa na seva mbili za Tomcat 7, programu inayoendesha tovuti za Java, juu ya mfumo wa Ubuntu, na mbele yake seva ya wavuti ya Apache yenye kiungo cha mod_jk ikigawa wateja kati ya hizo mbili. Kila seva ilitakiwa impelekee mwenzake nakala za sesheni zake, yaani kumbukumbu ya kila mteja na alichokwisha kujaza; ukizima moja, mtu aliyekuwa akijaza fomu alitakiwa ahamie nyingine bila hata kujua. Ndivyo sacco ilivyoahidiwa.

Alasiri moja ya mwisho wa mwezi tukazima seva ya kwanza ili kuiwekea toleo jipya. Simu za mapokezi zikaanza kulia papo hapo. Mwalimu mmoja wa Machakos alikuwa amefika ukurasa wa wadhamini, akabofya kuendelea, akajikuta anaulizwa nywila upya. "Nimekaa hapa tangu saa nane, dada yangu," akamwambia binti wa mapokezi. "Sasa nianze tena?"

Tukairudisha seva haraka. Ajabu ni kwamba jaribio la kuhama lilikuwa limefanywa na kufaulu, na Mzee, mkuu wa kitengo chetu, alikuwa na karatasi yenye sahihi.

Tulianza na kuki ya JSESSIONID, alama ndogo inayowekwa kwenye kivinjari cha mteja ili sesheni yake itambulike. Mwisho wake ulikuwa na .seva1, jina ambalo mod_jk hulitumia kumrudisha mteja kwenye seva yake. Hapo hapakuwa na kasoro. Basi lawama zikahamia kwenye swichi, kwa sababu seva za Tomcat hutafutana kwa maltikasti, yaani ujumbe mmoja unaotumwa kwa kundi zima la mashine, na swichi nyingi huumeza bila kusema. Dada wa mitandao hakupenda kusikia hivyo. Akafungua tcpdump, chombo cha kuchungulia data inayopita mtandaoni, mbele yetu: mapigo ya seva kujulishana kuwa ziko hai yalikuwa yakipita kwenda 228.0.0.4, poti 45564, kila nusu sekunde, kutoka seva zote mbili. "Swichi yangu muiache," akasema, akateremka zake kwa mama wa chai.

Jioni, foleni ya Ngong Road ikiwa imeshakaza kiasi kwamba hakuna aliyekuwa na haraka ya kutoka, Mzee akauliza swali ambalo lingeulizwa mapema: katika majaribio yale, ilizimwa seva gani? Tukatazama karatasi. Kila mara ilizimwa ya pili. Hakuna aliyewahi kuzima ya kwanza, maana ndiyo ilikuwa na kazi za usiku na watu waliiogopa.

Tukajaribu pande zote mbili kwa akaunti ya majaribio. Ukizima ya pili, unaendelea na fomu yako. Ukizima ya kwanza, unatupwa nje. Klasta, yaani kundi la seva zinazosaidiana, yenye ulemavu wa upande mmoja sijawahi kuiona tena tangu siku ile, na nakiri nilianza kuifurahia.

Jibu lilikuwa kwenye logi ya seva ya pili, katika mistari ya kuwaka ambayo sote huipita: kipokezi, mlango wa kupokelea nakala za sesheni za mwenzake, kimefunguliwa 127.0.1.1, poti 4000. Ubuntu huandika jina la mashine kwenye /etc/hosts, faili la majina na anwani, likielekea anwani hiyo ya ndani, ambayo kwa kila mashine humaanisha yenyewe. Seva ya kwanza ilikuwa imesahihishwa zamani. Ya pili ilijengwa baadaye na fundi aliyekwisha kuhama. Kipokezi cha Tomcat kikiachwa kwenye "auto" huuliza mashine anwani yake, na hii ikajibu 127.0.1.1, kisha ikaitangaza kwa mwenzake. Ni kama mtu akupe namba ya simu yako mwenyewe umpigie. Seva ya kwanza ikawa inapeleka sesheni zake kwa 127.0.1.1, yaani kwake yenyewe, mahali pasipo na msikilizaji. Ya pili, kwa kuwa ilijua anwani halisi ya mwenzake, ilipeleka zake bila shida.

Nikaandika anwani halisi ya seva ya pili kwenye server.xml, faili la mipangilio ya Tomcat. Mzee akasisitiza na /etc/hosts isahihishwe. "Kijana, funga milango yote miwili," akasema, nami sikubisha.

Tukazima ya kwanza. Fomu ikabaki: jina, namba ya uanachama, kiasi cha mkopo. Tukataka kushangilia, kisha dada aliyeandika programu akafungua ukurasa wa wadhamini. Ulikuwa mtupu. Mkopo wa sacco bila wadhamini hauendi popote.

Hili alilitambua mwenyewe kabla hatujamuuliza. Programu ilikuwa ikiongeza kila mdhamini kwenye orodha iliyokwishawekwa ndani ya sesheni, bila kuita upya setAttribute, amri ya kuweka kitu ndani ya sesheni. DeltaManager, sehemu ya Tomcat inayonakili sesheni, hupeleka mabadiliko yaliyopitia setAttribute. Orodha iliyonenepa kimyakimya haioni. Akaongeza mstari mmoja baada ya kila mdhamini, akajenga upya. Tukaweka wadhamini watatu wa uongo, tukazima seva ya kwanza, tukabofya. Wote watatu walikuwepo.

Karatasi ya majaribio Mzee aliichana, akaandika nyingine yenye safu mbili, moja kwa kila seva. Toleo jipya tuliliweka kesho yake saa sita mchana, watu wakiwa ndani ya fomu zao. Simu zilizoingia baada ya hapo zilikuwa za waliosahau nywila.