Yadini Usizungumze kwa Mwezi, Zungumza kwa Jumla

Kuna swali utakaloulizwa katika yadi nyingi za magari hapa Mombasa, na utaulizwa kwa upole: "Mama, kwa mwezi unaweza kutoa ngapi?" Nawaomba ndugu zangu mnaosoma hapa, msilijibu. Ukishataja kiasi cha mwezi, bei ya gari imeondoka mezani. Kazi ya muuzaji inabaki kurefusha miezi mpaka kiasi ulichokitaja kitoshe, na wewe unatoka ukishukuru.

Mimi ni mpishi wa harusi, kwangu ni Tudor. Gari ni chombo cha kazi: masufuria ya pilau, majiko, meza na vijana wa kusaidia. Wenzangu wa upishi wakitaka kununua Probox au Fielder, hizi Toyota zenye nafasi ya mizigo nyuma, hunichukua tukaangalie pamoja, na naenda kwa moyo mmoja, kwa sababu nimeona kina mama wanaoamka saa tisa za usiku kukaanga viazi vya kuuza wakilipa gari moja kwa bei ya gari na nusu.

Safari ya karibuni nilikwenda na wifi yangu kwenye yadi moja upande wa Ganjoni. Aliipenda Probox nyeupe ya mwaka 2018. Bei 1,200,000, na yeye alikuwa na nusu mkononi. Kijana wa mauzo, mwenye adabu zake, akachangamka.

"Hakuna shida mama, nusu inatosha. Iliyobaki ni elfu arubaini na tatu tu kwa mwezi, miaka miwili."

"Jumla ni ngapi, mwanangu?"

"Ni hiyo elfu arubaini na tatu, mama."

"Hiyo ya mwezi nimeisikia. Nataka jumla, mpaka siku tunayokabidhiwa logibuku."

Alinyamaza kidogo, kisha akatoa kikokotoo. Elfu 43 mara miezi 24 ni 1,032,000. Ongeza laki sita za mwanzo: 1,632,000. Laki nne na elfu thelathini na mbili zote ni riba. Wao wanaiita asilimia tatu, na asilimia tatu haimtishi mtu. Lakini ni asilimia tatu ya kila mwezi, na inahesabiwa juu ya laki sita nzima tangu mwezi wa kwanza mpaka wa mwisho, hata pale ambapo deni lililobaki ni laki moja. Na bado hapo hujalipia traka, kile kifaa cha kufuatilia gari liliko, wanayoifunga wao, wala bima kubwa unayotakiwa kuikata kwa wakala wao.

Wifi ni mwanachama wa sacco. Mkopo wa laki sita huohuo, kwa asilimia moja ya mwezi juu ya salio linalopungua, ukirudisha elfu 25 za msingi kila mwezi kwa miaka miwili, riba yake yote ni 75,000. Tukamwambia kijana tutarudi.

Kabla ya kuondoka tuliliangalia gari lenyewe, maana hesabu nzuri juu ya gari bovu haina maana. Mimi kwanza naweka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto na hakuna aliyelitoa gari asubuhi hiyo, basi limewashwa ili usiisikie injini ikiamka baridi, na injini ikiamka baridi ndipo inaposema ukweli wake. Ngoja ipoe. Halafu naangalia tairi: ubavuni kuna tarakimu nne, kwa mfano 3519, yaani wiki ya 35 ya mwaka 2019. Navuta mikanda ya viti yote mpaka mwisho, kwa sababu chini kabisa huwa na kitambulisho chenye tarehe ya kutengenezwa. Gari la 2018 lenye mkanda mmoja mpya kuliko mingine, uliza huo wa zamani ulikwenda wapi. Mkanda mara nyingi hubadilishwa baada ya ajali. Nachungulia pia pedali ya breki. Mpira uliolika upande mmoja na mita inayosoma kilomita elfu 45 haviendi pamoja.

Kisha naomba karatasi ya mnada kutoka Japani. Magari mengi haya yamepita mnadani huko, na karatasi yake inaonyesha daraja la gari, kilomita lilizokuwa nazo siku hiyo, na mchoro wa bodi wenye alama: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni pahali palipotengenezwa, X ni kipande kinachohitaji kubadilishwa, XX ni kilichokwisha badilishwa. Daraja R au RA ni gari lililotengenezwa baada ya ajali. Akikwambia karatasi imepotea, chukua namba ya chasisi. Ziko huduma mtandaoni zinazoitafuta kwa malipo madogo. Muuzaji asiyetaka hata uipige picha namba ya chasisi, mimi huyo namuaga.

Utaambiwa pia, "Mama, hii niliinunua ghali Japani, ndiyo maana ushuru wake ulikuwa mkubwa." Hapana. KRA, mamlaka ya ushuru, haihesabu ushuru wa gari kuukuu kwa risiti ya mnunuzi. Ina orodha yake ya bei, CRSP, inapunguza kulingana na umri wa gari, na hapo ndipo ushuru unapokatwa. Orodha iko wazi kwa kila mtu. Ifungue kwenye simu papo hapo.

Kwa gari lililokwisha sajiliwa, fanya upekuzi wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kutoa hata arbuni. Utaona jina la mwenye gari, na kama liko chini ya jina la mkopeshaji pia. Yadi nyingi huuza magari kwa niaba ya watu, kwa hiyo anayekuuzia huenda siye mwenyewe. Hilo si kosa, bora mwenye jina ahusike, kwa sababu ni yeye atakayeanzisha uhamisho kwenye akaunti yake. Arbuni nayo iwe na risiti inayosema wazi itarudishwa gari lisipopita kwa fundi wako. Fundi wako, si wa yadi.

Na kila ahadi ya mdomo iingie kwenye mkataba. "Giaboksi ikisumbua ulete" haina uzito mpaka iandikwe. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupewa habari unazohitaji ili ufaidike nazo kikamilifu, na iko Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012. Madai yasiyozidi shilingi milioni moja yanapelekwa Mahakama ya Madai Madogo, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Hakimu atataka karatasi, basi kusanya karatasi.

Mkopo wa sacco ulipotoka tulirudi Ganjoni na fundi wetu. Aliliendesha mpaka Kongowea kupitia daraja la Nyali, eyasii, yaani kipoza hewa, ikiwa imewashwa foleni nzima, akaona shokamzoba za mbele zimechoka na basi. Hiyo ndiyo ikawa hoja yetu ya bei. Wifi alisema 1,100,000, kijana akaenda kwa tajiri wake, wakakutana kwenye 1,130,000, tairi mbili mpya juu ya yadi. Hakuna aliyetaja mwezi tena. Hundi ya benki iliandikwa kwa jina la kampuni iliyo kwenye mkataba, si kwa namba ya simu ya mtu. Wifi aliishika mkononi mpaka ombi la uhamisho lilipoingia kwenye akaunti yake, akalikubali palepale ofisini, ndipo akaitoa.